UKUTA KWANZA, RANGI BAADAYE

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, juu ya kazi ya kupaka nyumba rangi



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya kazi ya kupaka nyumba rangi, kwa kuwa katika hesabu mtakazosomewa leo limo ombi la fedha za kuupaka upya ukumbi wetu. Najua wako wanaouliza moyoni: Je, ukumbi huo haukupakwa rangi juzi tu? Swali hilo ni la haki, na kabla sijataja brashi yanipasa kulijibu, maana jibu lake lanihusu mimi mwenyewe.

Ukumbi ulipakwa mwezi wa Oktoba 2022. Mafundi wawili walileta makadirio yao. Wa kwanza alitaka siku kumi na mbili, na zaidi ya nusu ya siku hizo zilikuwa za kukwangua, kuosha na kuziba nyufa. Wa pili alisema ataimaliza kazi kwa siku nne, na bei yake ilikaribia nusu ya bei ya mwenzake. Mimi ndimi niliyeziweka karatasi hizo mbele ya Halmashauri, na mimi ndimi niliyeshauri tumchukue wa pili, nikidhani naokoa fedha za chama. Kazi ikaisha, ukumbi ukang'aa, tukapiga picha. Mvua za masika za mwaka uliofuata zilikuwa hazijakwisha, na tayari rangi ilikuwa ikining'inia ukutani vipande vipande kama majani makavu ya mgomba.

Siku moja mzee mmoja miongoni mwetu, ambaye ujana wake aliutumia katika ufundi wa rangi, aliniita ukumbini. Akabandua kipande kikubwa kama kiganja, akakigeuza, akanionyesha upande wake wa ndani. Ulikuwa mweupe, wenye unga. Akasema, "Mwanangu, rangi hii haina kosa. Haikupata kuushika ukuta hata siku moja. Ilishika vumbi la chokaa, na vumbi limeanguka nayo."

Maneno hayo ndiyo hotuba yangu yote. Yaliyobaki ni maelezo yake tu.

Rangi na kazi yake

Wengi wetu huihesabu rangi kuwa pambo. Kwa kweli ni nguo ya nyumba. Hukinga mbao zisioze, chuma kisiliwe na kutu, na ukuta usinywe mvua. Ndani ya kopo la rangi mna vitu vitatu vikubwa: unga unaoipa sura yake, gundi inayoushikilia unga huo, na maji au mafuta mepesi yanayoifanya ipakike, ambayo baadaye hukauka yakaenda zake. Gundi ndiyo roho ya rangi. Rangi ya bei ya chini mno mara nyingi imepunguziwa gundi ikaongezwa unga mtupu. Ndiyo ile ambayo mtu akiegemea ukuta, koti lake hutoka na weupe mgongoni.

Katika nyumba zetu hutumika hasa aina tatu. Ya kwanza ni chokaa, ya pili ni rangi ya maji kwa kuta na dari, ya tatu ni rangi ya mafuta kwa milango, madirisha, vyuma, na mahali panapooshwa mara kwa mara.

Chokaa isidharauliwe. Ndugu zetu wa Pwani wameitumia kwa karne nyingi. Huko Lamu na katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Ukuta wa namna hiyo huingiza unyevu na kuutoa tena, mithili ya mtu avutaye pumzi, na chokaa haimzuii. Ukiupaka rangi ya mafuta, umemziba pua: unyevu hukwama ndani, chumvi husukuma, na rangi hufura malengelenge. Lakini chokaa ina sharti lake moja. Juu ya chokaa hupakwa chokaa. Mtu atakaye kuiacha na kupaka rangi ya maji, hana budi kuikwangua chokaa yote iliyolegea, kuuosha ukuta, na kuupaka kwanza rangi ya kutangulia iitwayo praima, ya namna inayofunga unga. Sisi ukumbini tuliruka hatua zote tatu.

Kuuandaa ukuta

Kazi ya kwanza ni kutafuta maji yanakotoka. Tazama bati lililotoboka, mfereji wa paa uliojaa majani, bomba linalovuja, na udongo uliorundikana nje ukaupita msingi. Rangi si dawa ya unyevu. Ukiufunika leo, utarudi kesho ukiwa na mwenzake. Iko njia nyepesi ya kuupima ukuta. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni chenye upana wa futi moja kila upande, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache mchana na usiku. Ukikibandua ukakuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji, na fundi asifungue kopo.

Kazi ya pili ni kupangusa ukuta kwa kiganja. Kiganja kikitoka cheupe, yapasa kukwangua kwa chuma bapa na kusugua kwa brashi ngumu mpaka unga uishe. Palipo na kuvu jeusi, kama vile bafuni na nyuma ya makabati, changanya sehemu moja ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na sehemu tatu za maji, upake, ungoje kama dakika ishirini, kisha usuuze kwa maji safi. Fungua madirisha, vaa glavu, wala usiichanganye dawa hiyo na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, maana huweza kutoa hewa ya sumu. Mahali penye masizi ya jiko na mafuta ya kupikia paoshwe kwa maji ya moto na sabuni. Rangi haishiki juu ya mafuta.

Kazi ya tatu ni kuziba nyufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa mwembamba upanuliwe kidogo kwa ncha ya chuma ili dawa ya kuzibia ipate pa kuingia, vumbi litolewe, palowanishwe, pajazwe, pakauke, ndipo pasuguliwe kwa msasa mpaka mkono usiweze kujua ufa ulikuwa wapi. Lakini ufa mpana unaozidi kukua si kazi ya fundi wa rangi. Huo aitiwe mwashi.

Kwa nyumba mpya kuna neno moja la kuongeza. Plasta ya simiti ina maji mengi na ukali unaoila rangi ya mafuta ikageuka utelezi kama sabuni. Basi plasta mpya iachwe ikauke si chini ya majuma manne, na zaidi ya hapo wakati wa mvua au wa baridi, kisha ianzwe kwa praima inayostahimili ukali wa simiti. Najua mwenye nyumba mpya huona majuma manne ni marefu. Mwenye nyumba iliyobanduka huyaona mafupi sana.

Mbao na vyuma

Ubao upakwe rangi ukiwa mkavu. Mbao za paini na saiprasi zina macho yenye utomvu. Yasipofunikwa kwanza kwa shelaki, utomvu utatoka baadaye na kuacha doa la hudhurungi juu ya rangi nyeupe. Baada ya hapo praima hutangulia, nayo ipakwe hata kwenye ncha za ubao zilizokatwa, kwa kuwa huko ndiko maji hupenda kuingilia. Matundu ya misumari yazibwe kwa puti baada ya praima, si kabla, kwa sababu ubao mtupu hunywa mafuta ya puti, nayo ikakauka na kudondoka. Kisha hufuata rangi ya kati, na mwisho rangi ya kung'aa. Kila tabaka likikauka, lipitishiwe msasa laini na kufutwa vumbi.

Madirisha ya chuma yasuguliwe kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane, na yapakwe praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Chuma kilichosuguliwa kikilala usiku mmoja katika umande, kutu hurudi, na kazi ni bure. Mabati mapya ya zinki yana tabia nyingine. Uso wake ni laini, na rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa moja kwa moja huachia baada ya muda. Yataka yaoshwe vizuri na kupakwa praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Vifaa na matumizi yake

Mtu atakayepaka chumba chake mwenyewe hahitaji vitu vingi: brashi ya inchi nne kwa ukuta, ya inchi mbili kwa milango, ya inchi moja kwa fremu za madirisha, rola na sinia yake, chuma cha kukwangulia, msasa wa namna mbili, mkali na laini, ndoo, vitambaa, ngazi imara, na magazeti au gunia la kutandika sakafuni. Rola yenye manyoya marefu ni ya ukuta wenye mikwaruzo, na yenye manyoya mafupi ni ya ukuta laini.

Rangi ikorogwe kwa kijiti bapa kutoka chini kwenda juu, maana uzito wote hulala chini ya kopo. Brashi ichovywe theluthi moja tu ya nywele zake. Anza na dari, fuata kuta, kisha mbao. Sakafu iwe ya mwisho. Penye ukuta, kwanza paka pembe kwa brashi, halafu jaza katikati kwa rola, ukitoka juu kwenda chini, na kila mara uingie katika ukingo ambao ungali mbichi ili pasibaki alama ya maungo. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene, ambalo hukauka juu likabaki bichi ndani. Nje ya nyumba, ifuate rangi kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki, kwa kuwa jua kali huikausha rangi kabla haijashika. Na katika nyanda zetu za juu, ambako masika huja kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri zaidi kwa kazi ya nje. Sisi tulipaka Oktoba. Hata hilo nalikiri.

Jioni brashi ya rangi ya maji ioshwe kwa maji na sabuni. Ya rangi ya mafuta ioshwe kwa tapentaini, kisha kwa sabuni. Mtu asiizimue rangi kwa petroli. Huidhoofisha rangi, na cheche moja yatosha kuichoma nyumba. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pamoja, kwani huweza kupata moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke. Na ngazi isimamishwe hivi: kwa kila futi nne za kwenda juu, miguu yake iwe futi moja mbali na ukuta.

Kupima kabla ya kununua

Hesabu si ngumu. Jumlisha urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha. Ukumbi wetu una urefu wa mita 12, upana wa mita 8, na kimo cha mita 3. Kuzunguka ndani ni mita 40. Mara 3 ni mita za eneo 120. Toa 20 za milango na madirisha, hubaki 100. Matabaka mawili ni 200. Lita moja ya rangi nzuri ya maji juu ya ukuta laini hufunika kama mita 10 za eneo, basi twahitaji lita 20, yaani ndoo moja kubwa. Ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi. Mwanachama mwenye chumba cha mita 4 kwa 3 akifuata njia hii ataona kwamba lita 7 au 8 zamtosha, wala hatauziwa ndoo nzima.

Hatari ya risasi

Sasa nasema jambo ambalo naomba akina Mama na wazazi wote walisikilize kwa makini. Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zidumu na zikauke upesi. Madhara yake yalijulikana mapema: tangu mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano ya kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo katika nyumba za kukaa watu mwaka 1978. Hapa Kenya kikomo kilichowekwa ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi, kwa kuwa hutambaa penye vumbi na kutia vidole kinywani. Nayo risasi huharibu ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Baadhi yetu twakaa katika nyumba za zamani zenye matabaka mengi ya rangi, ambayo hakuna ajuaye yalipakwa lini. Rangi kuukuu kama hiyo isisuguliwe kavu, wala isichomwe kwa moto. Ilowanishwe kwa maji kwanza, isuguliwe mbichi, watoto na akina mama wajawazito wawe mbali, mabaki yakusanywe ndani ya mfuko, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa. Mnunuapo rangi mpya, someni maandishi ya kopo, mkatafute alama ya ubora na neno kwamba haikutiwa risasi. Na paa ambalo maji yake hukingwa kwa kunywa lisipakwe kamwe rangi yenye risasi.

Mapatano na fundi

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa jambo la fedha. Halmashauri yapendekeza kwamba safari hii kazi igawanywe katika sehemu tatu: kwanza kukwangua, kuosha na kuziba, pili praima, tatu matabaka mawili ya rangi. Kila sehemu ikiisha, wajumbe watatu, pamoja na yule mzee niliyemtaja, wataikagua kwa macho na kwa kiganja kabla fundi hajaendelea, na ndipo alipwe fedha za sehemu hiyo. Rangi itanunuliwa na chama chenyewe kwa risiti, na ndoo itafunguliwa mbele ya mjumbe. Haya hayamvunjii fundi heshima. Fundi mwema huyapenda, kwa sababu kazi yake ya mwanzo, ambayo hufunikwa na rangi na kusahauliwa, hupata mashahidi.

Mtaona katika makadirio kwamba malipo ya kuuandaa ukuta yazidi bei ya rangi. Msishangae, wala msiombe yapunguzwe. Palepale ndipo nilipopunguza mimi, na hasara yake mmeiona ikianguka sakafuni. Fedha zile zilitoka katika michango ya watu ambao wengine huuza mboga kando ya barabara ili wasikose ada ya mwezi. Sina njia ya kuzirudisha isipokuwa kuhakikisha kwamba hizi za sasa hazitafuata njia ile ile.

Nawaomba radhi Wazee wangu, na wanachama wote. Tena namshukuru mzee wetu, ambaye angaliweza kunisema barazani lakini aliniita kando akanifundisha. Ukumbi utakapokwanguliwa, kila mwanachama mwenye nafasi akaribishwa kuja kutazama na kushika msasa, ili ajifunze kwa ajili ya nyumba yake. Mimi mwenyewe nitakuwapo tangu siku ya kwanza.